Ukisema hapana, pesa yako inaenda wapi?

Juzi pale Mamboleo chama chetu kilipiga kura: tugeuke kampuni ama tubaki vile tulivyo? Tisa wakasema ndiyo. Mimi na jamaa mwingine tukasema hapana. Mwenyekiti akacheka, "Wengi wape." Sawa, lakini pesa yangu je?

Turudi nyuma kidogo. Sheria ya ubia ya Uingereza ya 1890, ambayo Kenya ilirithi enzi za mkoloni, ilisema wabia wakikosana juu ya mambo ya kawaida, wengi wanashinda. Lakini kubadilisha aina ya biashara yenyewe, ama kuingiza mbia mpya, lazima wote wakubali, isipokuwa wameandikiana vingine. Yaani hapana ya mtu mmoja ilikuwa inafunga mlango.

Kampuni ni mchezo mwingine. Jaramogi Oginga Odinga alianza na kikundi cha akiba kule Bondo, kikapanuka, na 1947 ikasajiliwa Luo Thrift and Trading Corporation, watu wakanunua hisa. Ndiyo iliyojenga Ramogi House hapa Kisumu. Najivunia hiyo story, siwadanganyi. Ila ukishaingia kwa hisa, wenye hisa nyingi ndio wanaongea.

Waliolia zaidi ni Wamarekani. Miaka ya 1980 watu wengi, wazee wa pensheni wakiwemo, waliweka akiba kwenye ubia wa majumba na mafuta. Wewe unatoa pesa tu, msimamizi anaendesha, na ikianguka unapoteza kile ulichoweka, basi. Baadaye wasimamizi wakaanza kuunganisha ubia huu na ule kuwa kampuni moja kubwa. Waliokataa wakaburutwa tu, wakapewa hisa ambazo mara nyingi ziliporomoka sokoni. Kelele zikafika hadi Congress, na 1993 ikapita sheria: kampuni ya aina hiyo haiingii soko kubwa la hisa kama waliokataa hawajalindwa. Njia moja ni mthamini asiye na upande kupima fungu la aliyekataa, kisha alipwe.

Nikafungua katiba ya chama chetu. Kuna faini ya kuchelewa, kuna faini ya simu kulia mkutanoni. Ya mtu aliyekataa? Hakuna hata mstari.

Jumapili tunakaa tena. Nitaomba fungu langu lipimwe kwa bei ya leo, na ile ploti ya Kajulu ikiwemo, sio kujumlisha tu nilichotuma kwa M-Pesa.