Fedha Kidogo, Vitabu Vichache

Ewe msomaji, huenda umekwisha kuketi na wenzako mkabishana juu ya kitabu kipi kisomwe kwanza. Ubishi huo ni wa siku nyingi. Mwaka 1727, katika mji wa Philadelphia uliokuwa chini ya Uingereza, kijana mpiga chapa, Benjamin Franklin, aliunda baraza la mazungumzo ya kila Ijumaa jioni. Wajumbe wake walikuwa watu wa kazi: fundi wa vioo, seremala, mpima ardhi na wengineo.

Kwa kuwa mara nyingi mabishano yalihitaji ushahidi wa vitabu, kila mtu alileta vyake katika chumba kimoja. Havikutunzwa vema; haukupita muda mrefu kila mwenye chake akakirudisha nyumbani. Ndipo mwaka 1731 walipoanzisha maktaba ya ushirika. Watu 50 walikubali kutoa shilingi 40 za kuanzia, na shilingi 10 kila mwaka.

Sasa, wanunue nini? Vitabu vilitoka London, safari ya majuma mengi baharini, na aliyekosea kuchagua hakuwa na fedha ya kuchagua tena. Walimwendea James Logan, mwanachuoni mwenye hazina kubwa ya vitabu vya Kilatini na Kiyunani, wakamwomba shauri. Hata hivyo, vitabu walivyoagiza mwaka 1732 karibu vyote vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya mazungumzo yao. Kwangu mimi, huo ulikuwa ujasiri, maana siku zile Kilatini ndicho kilichompa mtu heshima ya usomi.

Shehena ilifika mwaka huo huo. Maktaba hiyo ingali wazi hata leo.