Vyuo vikuu vya serikali katika Kivu Kaskazini

Vyuo vikuu vya serikali katika Kivu Kaskazini ni taasisi za elimu ya juu zilizo chini ya wizara husika ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kubwa zaidi kati ya hizo ni Chuo Kikuu cha Goma (UNIGOM). Pamoja nacho zipo taasisi za juu za fani maalumu: ISP kwa ualimu, ISTM kwa uuguzi na tiba, ISC kwa biashara, ISTA kwa ufundi.

Historia

Chuo kikuu cha kwanza nchini, Lovanium, kilifunguliwa na Wakatoliki karibu na Kinshasa mwaka 1954. Cha serikali kilifuata Lubumbashi mwaka 1956, na cha Waprotestanti Kisangani mwaka 1963. Mwaka 1971, baada ya migomo ya wanafunzi, Rais Mobutu aliviunganisha vyote vitatu kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire (UNAZA). Muungano huo ulivunjwa mwaka 1981, na Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kila kimoja kikarudi kujitegemea.

Kivu ilibaki bila chuo kikuu cha serikali hadi 1993, Chuo Kikuu cha Kisangani kilipofungua matawi Goma na Bukavu. Matawi hayo yalivuka vita vya 1996 na 1998, yakapata uhuru wake mwaka 2004. Tawi la Goma likawa UNIGOM, la Bukavu likawa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu (UOB). Wakati huo vyuo vya makanisa vilikuwa vimeshatangulia: ULPGL cha Waprotestanti mjini Goma, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo.

Muundo na masomo

Chuo kikuu huongozwa na rekta, taasisi ya juu na mkurugenzi mkuu. Kila mmoja hufanya kazi na makatibu wakuu na msimamizi wa bajeti. Walimu hupanda daraja kutoka asistenti hadi mkuu wa kazi (CT), kisha profesa. Anayeingia lazima awe na diploma ya Serikali, inayopatikana kwa kufaulu mtihani wa Serikali (Eksetat) mwishoni mwa sekondari.

Zamani mwanafunzi alisoma graduati miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Mfumo wa LMD, ulioanza mwaka wa masomo 2021–2022, umeweka lisansi ya miaka 3, masta ya miaka 2 na udaktari wa miaka 3.

Fedha

Serikali huteua viongozi na kulipa mishahara, lakini uendeshaji hutegemea sana karo za wanafunzi. Elimu bila malipo iliyotangazwa mwaka 2019 inahusu shule za msingi za umma tu, kwa hiyo mzazi wa mwanachuo bado hubeba mzigo mwenyewe.

Mubi na Walikale

Mfano wa mzigo huo unaonekana Mubi, kituo cha biashara katika wilaya ya Walikale, kando ya barabara iendayo Kisangani. Kwa miaka mingi uchumi wake umefuata kasiterite, madini ya bati yatokayo mgodi wa Bisie. Kutoka Mubi, Goma iko zaidi ya kilomita 200, kwa njia inayoharibika majira ya mvua na kukatika kwa mapigano. Anayepeleka mtoto UNIGOM hulipa karo, na juu yake nauli, chumba na chakula cha mjini. Gharama hizo hazimo katika orodha ya ada za chuo.

Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, mabenki yalifungwa, ilhali mishahara ya watumishi wa serikali, walimu wa vyuo wakiwemo, hulipwa kupitia mabenki. Machi mwaka huohuo M23 waliingia Walikale-kati, wakaondoka Aprili. Hivyo wanafunzi kutoka Mubi waliokuwa Goma walijikuta ng'ambo ya pili ya mstari wa mapigano, mbali na wazazi wanaowalipia.