Ghala, Diski na Mkongo: Usambazaji wa Programu Huria na Mtumiaji wa Tegeta, 2004–2010

Historia ya Kiswahili katika kompyuta nchini Tanzania imezoeleka kusimuliwa kama historia ya tafsiri. Tukio linalotajwa mara nyingi ni la Desemba 2004, pale mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi katika Kiswahili. Sehemu hii inajenga hoja kwamba tafsiri ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa usambazaji, yaani namna programu ilivyotafutwa, ilivyopatikana na ilivyosakinishwa katika kompyuta ya mtu aliye mbali na chuo, mathalani Tegeta, pembezoni mwa jiji katika Barabara ya Bagamoyo.

Hoja hiyo inahitaji kwanza maelezo ya utaratibu wenyewe. Katika mifumo endeshi ya jamii ya Unix, hususan Linux, programu hufungwa katika vifurushi, na vifurushi hivyo huhifadhiwa katika ghala la pamoja. Kila kifurushi hubeba pia orodha ya vifurushi vingine ambavyo kinavitegemea. Mfumo wa Debian, ulioasisiwa mwaka 1993, ulitumia zana ya dpkg, ambayo husakinisha kifurushi kilichokwisha kupatikana lakini haivitafuti vitegemezi vyake. Pengo hilo lilizibwa na APT, iliyoingizwa rasmi katika Debian 2.1 mwezi Machi 1999. Kwa amri ya apt-cache search mtumiaji hutafuta kifurushi kwa neno. Kwa apt-get install hukiagiza, na vitegemezi vyake hufuata vyenyewe.

Utaratibu huu ulifaa zaidi pale ghala lilipofikika wakati wowote. Kabla ya 2009, intaneti ya Tanzania ilitegemea zaidi setilaiti kwa mawasiliano ya nje. Kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, kupakua diski moja ya megabaiti 700 kungechukua zaidi ya saa 27, hata kama laini isingekatika. Debian 3.1, iliyotolewa Juni 2005, ilikuwa na vifurushi zaidi ya 15,000 vilivyojaza diski zaidi ya kumi. Kwa mtumiaji wa Tegeta, ilikuwa rahisi zaidi ghala limfuate kuliko yeye kulifuata. Waundaji wa APT walikwisha kuizingatia hali ya namna hiyo: amri ya apt-cdrom huigeuza diski kuwa ghala. Ubuntu nayo, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, ilituma diski bure kwa posta hadi 2011.

Hata hivyo, diski ilikuwa na mipaka yake. Kitegemezi kisichokuwamo kilisimamisha usakinishaji, na marekebisho ya usalama yaliyotolewa baada ya diski kuchomwa hayakumfikia mtumiaji. Aidha, amri zenyewe ziliundwa kwa maneno ya Kiingereza. Hivyo, aliyelengwa na Jambo OpenOffice angekutana na Kiswahili baada tu ya kuvuka mlango uliofunguliwa kwa lugha nyingine.

Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Kuanzia hapo umbali wa ghala ulipungua, lakini gharama ya kulifikia haikutoweka. Neno kifurushi linaushuhudia ukweli huo: kwa Mtanzania wa kawaida, maana yake ya kwanza ni kiasi cha data kilicholipiwa kwenye simu. Asiyekuwa na kifurushi hicho hawezi kukipata kile cha programu.

Inahitimishwa kwamba mafanikio ya uswahilishaji wa programu hayapimwi kwa idadi ya istilahi zilizotafsiriwa pekee. Mradi wowote unaofuata nyayo za Kilinux unapaswa kuliweka ghala karibu na mtumiaji, na kuziswahilisha pia hatua za kulitafuta na kulitumia.