Mtoro bin Mwinyi Bakari na Miji ya Wajerumani

Aketiye katika stesheni ya zamani ya Dodoma yumo ndani ya historia ya Wajerumani bila kuvuka bahari. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika hapa Ugogoni 1910, na Kigoma 1914. Leo nataka tuitazame safari ya upande wa pili: Mswahili katika miji yao.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903, ilitoka katika kalamu yake. Jaladani likakaa jina la Carl Velten. Nami darasani nilikitaja kwa jina la Velten miaka mingi, kosa ninalolikiri. Jina la Mtoro lilipanda jaladani mwaka 1981, katika tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen.

Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata kazi yake ilikoma, akapanda meli pamoja na mkewe kurudi kwao. Serikali ya koloni haikumruhusu Bertha kushuka pwani. Tafakari, msomaji: mwaka uleule waliokuwa wakiifungua njia ya reli kuelekea bara walimfungia Mtoro mlango wa nyumbani, kwa kuwa ameoa kwao. Mume na mke wakageuza safari.

Ndipo miji ya Ujerumani ikawa riziki yake. Alikwenda mji hadi mji akitoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki, na zama hizo safari kama hiyo ilikuwa ya gari la moshi. Huko Hamburg alimsaidia Carl Meinhof katika kazi ya Kiswahili. Alifariki Berlin mwaka 1927.

(Tangu 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, na moshi haina, wajukuu wangu hunicheka niitapo gari la moshi.)

Nakala yangu ya Desturi ni ya kivuli, iliyofifia pembeni. Chini ya jina la Velten nimeongeza la Mtoro kwa wino.