Bluebird, Babs na Tangi la Ndege

Gari la kifahari la mwendo mkali likishagongwa, anayetangaza kifo chake si fundi, ni kampuni ya bima. Chumba cha dereva cha McLaren hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni kikiwa kipande kimoja. Kikipasuka hakinyooshwi kwa nyundo kama bodi ya Corolla, na bei ya kipya, ukijumlisha na kazi, inaweza kumeza thamani ya gari zima. Ndipo linapouzwa kwa bei ya mabaki, na ndipo linapowatia hamu watu wanaokimbiza magari kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah. Anayeyanunua mabaki hayo ili akatafute kasi juu ya chumvi anarithi, ajue asijue, mabishano ya zamani kuhusu chuma kilichovunjika.

Wamarekani hawakuwahi kukiombolezea. Mwaka 1946 Bill Burke alichukua tangi la akiba la mafuta la ndege ya kivita, akalitia injini na magurudumu, akalipeleka kwenye maziwa makavu ya California. Umbo lake lilikuwa limekwisha kusuguliwa na upepo angani, na bei yake ilikuwa ya chuma chakavu. Bonneville ilipoanza kuandaa wiki yake ya mbio mwaka 1949, desturi ilikuwa imeshakomaa: kila kitu ni spea ya kitu kingine.

Lamborghini iliyogongwa ikiingia mikononi mwa watu wa aina hii hutendewa vivyo hivyo. Bawa la nyuma linaweza kung'olewa, maana linalibana gari chini lakini pia linakaba mwendo. Tairi pana huachia nafasi nyembamba. Kisha linafuata jambo ambalo lingewaliza wahandisi waliokesha wakipunguza gramu: gari huongezewa uzito, mara nyingine kwa madini ya risasi. Chumvi inateleza. Gari jepesi lenye nguvu nyingi huzungusha magurudumu pale pale na kuchimba, huku lile zito likishika njia. Ndani huchomelewa kizimba cha mabomba ya chuma kumkinga dereva, nyuma hufungwa parachuti. Ukimaliza, kilichobaki cha Lamborghini ni umbo na jina.

Waingereza wana desturi nyingine, nayo ina majonzi. Tarehe 3 Machi 1927, kwenye ufukwe wa Pendine huko Wales, J. G. Parry-Thomas aliuawa akiendesha Babs, gari lenye injini ya ndege ya lita 27 ambalo mwaka uliotangulia lilikuwa limemfikisha kilomita 275 kwa saa. Gari likazikwa mchangani pale pale. Likakaa humo hadi mwaka 1969, mhandisi Owen Wyn Owen alipolifukua na kutumia miaka mingi kulirudisha lilivyokuwa. Bodi ilikuwa imeliwa na maji ya chumvi. Kazi ile naiheshimu, ila kuna kinaya ndani yake. Babs lenyewe lilikuwa mali ya marehemu: Parry-Thomas alilinunua kwa pauni 125 baada ya mwenyewe, Louis Zborowski, kufia Monza mwaka 1924, kisha akalibadilisha apendavyo. Waliolizika walilistahi kuliko yeye alivyopata kulistahi.

Kwa Donald Campbell mambo yalikuwa tofauti. Septemba 1960 gari lake Bluebird CN7, lenye injini ya turbini, liliruka na kubiringika pale Bonneville likiwa kwenye kilomita 580 hivi kwa saa. Campbell alipasuka fuvu, akapona. Sir Alfred Owen, mwenye viwanda, akajitolea kuligharimia gari lijengwe upya. Lilipotoka tena mwaka 1962 lilikuwa na pezi refu la mkia lililosimama wima, la kulizuia lisipinde likisukumwa na upepo wa ubavuni. Ajali ilikuwa imechora ramani ya gari jipya. Mtu akilitazama leo kwenye jumba la makumbusho la Beaulieu, anaona pale nyuma mahali lilipokosewa.

Chumvi nayo haikumwonea huruma. Campbell alihamia Ziwa Eyre, Australia, ambalo kwa miaka halikuwa limeona mvua ya maana, nayo mvua ikaja mwaka 1963, ziwa likafurika. Julai 17, 1964, juu ya uso uliokuwa bado na unyevu, tairi zikikata mifereji, alipata wastani wa kilomita 648.7 kwa saa kwa safari za kwenda na kurudi. Kwangu pezi lile lina uaminifu kuliko ukarabati wowote unaofuta alama, hata ule wa Babs.

Burt Munro wa Invercargill, New Zealand, anakaa katikati ya desturi hizi mbili. Pikipiki yake, Indian Scout ya 1920, aliifanyia kazi kwa miongo, akisubu pistoni mwenyewe, na zilizovunjika alizipanga kwenye rafu aliyoiandika kuwa ni sadaka kwa mungu wa kasi. Mwaka 1967, pikipiki hiyo ilivuka kilomita 296 kwa saa pale Bonneville. Yeye hakuwa na kiwanda nyuma yake, wala hakutupa kumbukumbu.

Mwenye Lamborghini ya mabaki analazimishwa kuchagua na kitabu cha kanuni. Bonneville hupanga magari kwa madaraja kufuatana na injini na umbo la bodi. Ukiiacha bodi ilivyotoka kiwandani, unapimwa na za kiwandani. Ukishusha paa au kurefusha pua, unahamishiwa kwenye madaraja ya magari yaliyobadilishwa, miongoni mwa watu ambao hawajali beji ya nani imebaki mbele. Uamuzi huo unafanywa gereji, kabla msumeno haujawashwa.