Ugonjwa Ulioitwa Mbu: Kutoka Bandari ya Tanga Mpaka kwa Watawa wa Gare (Sehemu ya 4)

 

Leo niliahidi kuendelea na historia ya chanjo. Naomba mnisamehe, chanjo tutaisoma wiki ijayo. Kuna jambo limetokea hapa Haneti limenirudisha kwenye hadithi nyingine, na mama mwenyewe amenipa ruhusa niandike bila kumtaja.

Mama huyu alikwenda Tanga na watoto kusalimia ndugu wakati wa sikukuu. Wakakaa wiki mbili, wakarudi salama. Siku ya tisa baada ya kurudi, mtoto wa miaka mitatu akachemka. Mama akasema ni uchovu wa safari, na huyu kala maembe mengi. Siku ya pili homa ikashuka, ikapanda. Usiku wa siku ya tatu mtoto akashikwa na degedege. Bibi akasema apelekwe kwa mtu wa dawa za miti shamba kwanza. Mama akakataa, akambeba mgongoni usiku ule ule akaja kwetu. Kipimo kikaonyesha malaria. Tulimchoma sindano ya kwanza, tukampa rufaa. Leo ninavyoandika anakula uji na kumsumbua dada yake. Lakini jamani, ilibaki kidogo sana.

Wengi mtasema mama alizembea. Mimi sisemi hivyo. Mkoa wetu wa Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini. Hapa mtoto akichemka, mama anawaza kifua, anawaza tumbo, anawaza meno. Malaria haimjii haraka kichwani. Na hapo ndipo historia inapotusaidia, kwa sababu haya yaliwapata watu wengine zaidi ya miaka 120 iliyopita, huko huko Tanga. Haya, twende.

Siku hizi meli kubwa za watalii hutia nanga Zanzibar au Mombasa. Abiria wanashuka asubuhi, wanazungushwa Mji Mkongwe au Fort Jesus, wanapiga picha, jioni wanarudi melini. Sasa chukulia wewe ni abiria wa mwaka 1905, meli yako ya Kijerumani imeingia bandari ya Tanga. Kampuni ya meli za Wajerumani za Afrika Mashariki ilianza safari zake mwaka 1890, na Tanga ilikuwa moja ya vituo vyake.

Ukishuka unakuta mji wenye umri mrefu kuliko ukoloni. Kusini mwake kidogo, pale Tongoni, kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, mengine yana nguzo zilizosimama juu yake. Waswahili waliishi, wakafanya biashara na kuzikana hapo karne nyingi kabla ya Mjerumani kufika. Mjini kwenyewe unaona majengo mapya ya serikali ya kikoloni, na pale Bombo hospitali inayotazama bahari. Jengo lile la kale bado limesimama hadi leo.

Kisha unapanda treni. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, na Mombo 1905, mwendo wa kilomita kama 129. Mombo unashuka, unatazama juu, na milima ya Usambara imesimama mbele yako kama ukuta. Hapo ni kupanda, na mizigo yako iko kichwani kwa mpagazi. Huko juu kuna Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal. Kuna baridi, kuna ukungu, na jirani yake iko misheni ya Gare.

Gare ilianzishwa mwaka 1897 na watawa wa Kitrapisti waliotoka Mariannhill, Afrika Kusini, monasteri iliyoanzishwa na Franz Pfanner mwaka 1882. Watrapisti ni watawa wa ukimya. Kanuni yao ni kusali, kulima na kufunga mdomo. Usiku wa manane wanaamka kusali, nyama hawali, na maneno wanayahesabu. Sasa fikiria, mtu wa namna hiyo apewe kazi ya kufundisha watoto, kutembelea wagonjwa na kuelewana na Washambaa! Ukimya na umisionari vilikuwa vigumu kukaa nyumba moja. Mwaka 1909 Mariannhill ikatengwa na shirika la Watrapisti, ikawa shirika la wamisionari linalojitegemea. Gare yenyewe ipo mpaka leo, ni parokia ya Jimbo Katoliki la Tanga.

Lakini kwa nini Wazungu walikimbilia milimani? Jibu ni homa. Pwani na bondeni walikufa. Milimani walipumua. Wakati huo hata madaktari wakubwa walikuwa bado wanabishana homa hii inatoka wapi. Neno lenyewe malaria ni la Kiitaliano, maana yake hewa mbaya. Walidhani inatokana na harufu ya vinamasi.

Sasa sikilizeni hapa. Miaka ile ile watawa wanajenga Gare, yaani 1897 na 1898, alifika Usambara daktari maarufu wa Kijerumani, Robert Koch, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882. Akawakuta watu wa milimani wana maarifa yao. Walimweleza kuwa huko kwao juu homa haipo, lakini wakishuka bondeni na kulala huko, wanarudi wanaumwa. Na ugonjwa huo wanauita mbu. Kwa nini mbu? Kwa sababu huko chini kuna wadudu wanaoitwa mbu, wanawauma, ndipo wanapata homa.

Mmeelewa? Mdudu na ugonjwa vilikuwa na jina moja! Mwezi Agosti 1897, Ronald Ross alikuwa India na darubini yake, ndiyo kwanza kaona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Koch naye akaipata 1905 kwa kazi yake ya kifua kikuu. Watu wa Usambara hawakuwa na darubini. Walikuwa na miguu iliyoshuka na kupanda, na macho yaliyoona nani anarudi mzima na nani anarudi anatetemeka. Jina la Koch liko vitabuni. Wao wanaitwa tu "watu wa Usambara".

Na sisi wa Dodoma tumo kwenye hadithi hii. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea pale Amani, Usambara Mashariki. Mojawapo ya miti waliyoipanda ni mkwinini, ambao maganda yake hutoa kwinini, dawa ya malaria ya enzi hizo. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofunga njia za baharini, meli za dawa zikakoma. Maganda ya mkwinini yakasafirishwa kutoka kaskazini, na vidonge vikatengenezwa hapa hapa kwetu, Mpwapwa. Ukipita Mpwapwa siku moja, kumbuka kwamba vitani watu walitegemea vidonge kutoka hapo.

Sasa turudi kwa mama yetu na mtoto wake. Mtoto anayekulia penye malaria nyingi huumwa mara kwa mara, na akinusurika mwili wake hujenga kinga kiasi. Mtoto wa Haneti hana kinga hiyo. Akishuka Tanga, Dar, Morogoro au Kanda ya Ziwa, yeye ni kama wale watu wa milimani waliolala bondeni. Mbu mmoja tu anatosha. Na ugonjwa hautokei siku ile ile. Mara nyingi ni siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu, wakati mmesharudi nyumbani na mmesahau. Ndiyo maana hatuunganishi safari na homa. Wale watu wa kale waliunganisha. Sisi tuna simu na redio, lakini hapo walituzidi.

Kwa hiyo ninaomba haya:

Mkisafiri, chandarua chenye dawa kiingie kwenye begi kabla ya nguo za sikukuu. Kwa shangazi kuna kitanda, lakini usiwe na uhakika kuna chandarua cha wageni.

Mtoto akichemka ndani ya mwezi mmoja au zaidi kidogo baada ya safari, aje apimwe siku hiyo hiyo. Na maneno ya kwanza ukifika mlangoni yawe haya: "Nesi, tulisafiri." Usisubiri nikuulize. Hata mimi hapa Haneti ninaweza kuwaza kifua kwanza.

Kipimo kikionyesha malaria, dawa mseto imalizwe yote, hata mtoto akianza kucheza siku ya pili.

Mjamzito, usikose kliniki. Hudhurio la kwanza unapewa chandarua, na miezi mitatu ya kwanza ikipita unapewa SP za kukinga. Mtoto naye anapewa chandarua chake akija kuchanjwa surua akiwa na miezi 9. Chandarua hicho sio cha kufugia vifaranga, jamani, tunaonana!

Degedege ni dalili ya hatari. Njoo kituoni, usiku ni usiku. Kama una bibi anayesema tuanzie kwingine, msikilize kwa heshima, halafu njoo. Mama yetu alifanya hivyo, na mtoto yupo.

Wiki ijayo tutaendelea na chanjo. Kama mlisafiri sikukuu hii, leo usiku mguse mtoto paji la uso kabla hajalala. Mlale salama.