Historia ya Kueleza Kasoro za Enameli kwa Watoto: Kutoka Maji ya Meru hadi Mwambao wa Ziwa Nyasa

Historia ya utafiti wa kasoro za enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, imetawaliwa nchini Tanzania na suala la maji. Mwaka 1931 H. V. Churchill, mkemia wa Marekani, alibainisha kuwa floraidi iliyozidi katika maji ya kunywa ilihusiana na madoa ya kahawia kwenye meno. Maelezo hayo yalilingana na hali ya Arusha na Kilimanjaro, ambako miamba ya volkano huongeza floraidi majini na magadi ya kupikia huiongeza chakulani. Mwaka 1974 Tanzania iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8 kwa lita katika maji ya vijijini, ingawa kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5.

Makala haya yanajenga hoja kwamba maelezo hayo, japo ni sahihi kaskazini, hayatoshi kueleza hali ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa. Floraidi huathiri meno ya pande zote mbili za kinywa kwa namna inayofanana, na huonekana kwa watoto wengi wanaotumia chanzo kimoja cha maji. Kinyume chake, mfuo au vishimo vilivyojipanga katika kimo kimoja cha jino huashiria tukio la muda mfupi: homa kali, utapiamlo au kuzaliwa njiti. Seli zinazojenga enameli hufanya kazi mara moja tu. Zikivurugwa, pengo halizibiki. Kwa hiyo jino hutunza kumbukumbu ya umri ambao mtoto aliugua.

Katika mwambao, malaria ni tishio la kudumu kwa mjamzito na mtoto mchanga. Katika milima ya Umatengo, yenye kilimo cha ngoro, mahindi na kahawa, mazao hayajauzuia udumavu: utafiti wa kitaifa wa 2015–16 uliuonesha Mkoa wa Ruvuma kuwa na udumavu kwa zaidi ya theluthi moja ya watoto walio chini ya miaka mitano. Aidha, njaa si jambo geni katika eneo hili. Jirani huko Ungoni, iliandamana na Vita vya Maji Maji vya 1905–1907.

Sababu nyingine hutokana na tiba yenyewe. Tangu miaka ya 1980, sehemu kadhaa za Tanzania zimeshuhudia kung'olewa kwa "meno ya plastiki", yaani vichipukizi vya chonge za watoto wachanga wenye homa au kuhara. Kitendo hicho huweza kujeruhi chonge ya kudumu iliyo chini yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuyalaumu maji, mchunguzi hana budi kupima kimo cha kasoro na kukilinganisha na kadi ya kliniki ya mtoto. Kinga nayo huanza kabla jino halijaota: katika kliniki ya wajawazito, chini ya chandarua, na katika sahani ya mama.